Mwanachama Asiye na Meno

Mwalimu wetu aliletwa kutoka bara, na jua la Garissa lilikuwa limemkausha mpaka akabaki masikio na imani. Alianzisha chama cha vijana wakulima wakati mbaya kupita wote. Vita vya Wasomali wa kwetu kutaka kujitenga na Kenya vilikuwa vimepamba moto, na serikali ilikuwa imetukusanya sote katika kijiji kilichozungushiwa seng'enge. Mifugo ilitolewa malishoni kwa saa mbili tu, na ndani hapakuwa na jani hata moja. Mbuzi wetu walikufa huku tukiwatazama.

Chama kilikuwa na kitu kimoja cha maana: kibali. Kila mwanachama aliruhusiwa kwenda mtoni baada ya masomo, alime tuta lake la nyanya na kuchunga mbuzi mmoja wa mradi mpaka jioni. Ghafla kila mtoto akapenda kilimo. Mimi nilikuwa katibu, msichana wa miaka kumi na miwili mwenye daftari na majivuno, na nafasi yangu ya mbuzi mmoja ilikwenda kwa mbuzi wa mama.

Ayeeyo, yaani bibi yangu asiye na jino hata moja, alibakiwa na mbuzi mmoja tu wa kahawia, tena mwenye mimba.

"Niandike," aliniambia.

"Ayeeyo, hiki ni chama cha vijana."

"Mimi fijana. Andika."

Nikaandika. Penye umri nikadondosha wino makusudi. Nilimwogopa ayeeyo kuliko serikali.

Tatizo lilikuwa jembe. Kwa ayeeyo, kuchimba ardhi ilikuwa kazi ya mtu ambaye Mungu alimnyima ngamia, na maneno hayo alikuwa ameyasema maisha yake yote, kwa sauti, mbele ya wakulima wenyewe. Mwalimu naye alishikilia sheria yake: asiyelima hatoki.

Jumatatu tukajipanga langoni, majembe begani. Askari alimtazama ayeeyo, akatazama orodha, akacheka mpaka bunduki ikatikisika.

"Mwalimu, huyu naye ni kijana?"

Mwalimu alikuwa mzee wa kanisa. Hakuwahi kudanganya hata kuhusu alama zetu, jambo lililotuumiza sana. Alitazama orodha, akamtazama mbuzi wa kahawia, nami nikataka kulia.

"Ni mwanachama," alisema hatimaye. "Analima."

"Huyu? Analima?"

"Warya," ayeeyo akamwambia askari, kama anavyoitwa mvulana yeyote, "sogea."

Akaninyang'anya jembe, akaanza kuchimba palepale langoni, kijiji kizima kikimtazama. Kila pigo lilikuwa na laana yake: ya jembe, ya nyanya, ya askari, ya mwalimu. Hakuna aliyecheka. Nilimwonea haya, kisha nikajionea haya mwenyewe. Shimo lilipomfika gotini, askari alifungua lango bila kuambiwa.

Nyanya zake hazikufika mbali. Mbuzi wake alizila zote, pamoja na zetu, siku moja kabla ya bwana kilimo kuja kuzikagua. Mwalimu alifika mtoni akashika kichwa. Ayeeyo alikuwa amechuchumaa akikamua, mapacha wawili wa mbuzi wakimsukuma kiwiko. Akamnyooshea mwalimu kikombe.

"Mradi ndiyo hii," alisema. "Kunywa."

Mwalimu, aliyeogopa maziwa mabichi kuliko risasi, alikunywa yote. Kisha akanigeukia, povu likiwa bado mdomoni, akaniambia nisisahau jina la ayeeyo kwenye orodha ya muhula ujao.