Viatu Vyekundu vya Wambui

Wasomaji wangu, nimeaibika kule Theta, na kilichoniaibisha ni kufikiri.

Jumamosi iliyopita nilienda na wazee wetu kumposa Wambui. Kwao Wakikuyu, msichana hufunikwa leso gubigubi pamoja na wanawake wengine, nawe umtambue. Ukikosea, unarudi nyumbani bila mke mpaka ulete mbuzi mwingine.

Wanawake watano wakasimama mbele yangu kama vilima ndani ya ukungu. Chini ya leso ya pili nikaona viatu vyekundu nilivyomnunulia Wambui mwenyewe mjini Thika. Mtu wa kawaida angemshika mkono, mambo yakaisha.

Lakini mimi ni mpenzi wa mafumbo. Nikawaza: shangazi zake wanajua kwamba navijua viatu hivi, basi lazima wamemvisha mtu mwingine. Viatu vikagonga sakafu mara mbili. Nikatabasamu. Mtego huo!

Wa mwisho alikuwa ametulia tuli. Nani hutulia hivyo ila anayejua kwamba anapendwa?

"Ni huyu!" nikatangaza.

"Una uhakika, kijana?" shangazi mkubwa akauliza, akijiuma midomo asicheke.

"Kabisa, shangazi."

Leso ikainuliwa. Shosho, nyanya yake Wambui, mwenye meno matatu, akanikumbatia kwa nguvu.

"Mzee wangu! Mbona umechelewa hivyo?"

Chini ya leso ya pili ikasikika sauti ya Wambui: "Mchukue tu, shosho. Mimi nimegonga sakafu mpaka kisigino kimevunjika."