Kikopo cha Mzee Rafaeli

Kule Amani, Mzee Rafaeli aliajiriwa kuokota mavi ya mbega. Mwenyewe hakuyaita hivyo hata siku moja. Aliyaita "sampuli", kwa sauti ileile anayosomea somo kanisani. Mataifa manne yalikuwa yameungana kutafuta minyoo ya wanyama wa porini: Wajerumani walileta darubini, Wajapani magari, Wabrazili hoja, na sisi tukatoa mbega.

Basi wakubwa wa mradi wakakutana hotelini Tanga, wakaamua kwamba watu wanaoishi jirani na mbega nao wapimwe. Daktari Nasima wa mradi, binti wa Ngamiani mjini Tanga mwenye adabu zake, akamletea Rafaeli kikopo.

"Shikamoo baba. Naomba nawe utuwekee humu. Nitapitia kesho asubuhi."

"Marahaba mwanangu," akajibu. Yeye, mzee wa kanisa, amkabidhi mavi yake binti aliyemwamkia shikamoo! Haya ikamshika. Asubuhi akachota ya mbega, akafunga kifuniko, akampa kwa mikono miwili.

Majibu yaliporudi, mradi mzima ulishangilia. Minyoo ya mbega imeonekana ndani ya binadamu! Maprofesa walikumbatiana, kisha wakaanza kugombania jina la nani litangulie. Rafaeli alimezeshwa vidonge na kupigwa picha mbele ya bango.

Umbea nao haukulala. Mkewe, Ritha, aliuza chai na maandazi pale kituo cha basi, na chai hiyo ndiyo iliyoilea nyumba. Sasa maandazi yakawa yanarudi na sinia lake. Wateja waliozoea kumwita shemeji walipita ng'ambo ya barabara, wakijifanya kutazama milima.

"Baba Elizabeti, umenitilia mchanga kitumbua changu," Ritha alisema huku analia. "Hivi ulikula nini huko porini?"

Maneno hayo yalimchoma Rafaeli. Akamwendea Nasima, akaungama yote. Nasima hakumcheka, aliwaandikia maprofesa palepale. Wakajibu kwa heshima zote kwamba mgonjwa kukana ugonjwa wake ni jambo la kawaida vijijini, nalo linastahili kutafitiwa.

Jumapili Rafaeli akapiga moyo konde. Ulipofika wakati wa matangazo, alisimama mbele ya usharika.

"Wapendwa, sina minyoo ya mbega. Niliona haya kutoa choo changu, nikatoa cha mbega. Mke wangu hana kosa. Nendeni mkanywe chai."

Kanisa zima likaangua kicheko, na mchungaji akajificha nyuma ya Biblia. Kufika adhuhuri Ritha hakubakiwa na andazi hata moja.

Kesho yake Nasima akabisha hodi, kikopo kipya mkononi.

"Shikamoo baba. Wanataka kingine. Na safari hii wameniagiza nisiondoke, nisubiri hapahapa mlangoni mpaka kipatikane."

Rafaeli akakitazama kikopo, akamtazama binti wa watu. Ndicho hasa alichokikimbia tangu mwanzo.

"Ritha," akaita kwa unyonge, "mkaribishe mgeni chai. Atakaa sana."