Iweke Chini Kwanza

Dada anayeuza kamera dukani kwetu hataji bei mteja akiwa bado ameishika. “Iweke chini kwanza, kaka,” husema, huku akigonga kioo cha meza kwa ukucha. Anadai mtu mwenye kamera ya sinema begani hukubali bei yoyote, na hiyo ni bei ya kamera tupu. Lenzi, betri na kadi bado. Mimi natengeneza lenzi pale konani, na hiyo “iweke chini” nimeisikia mpaka naiota.

Juzi aliingia mpiga video wa harusi. Kamera yake ilikuwa imezungushiwa utepe mweusi, na alitaka kuitoa, aongeze pesa, apewe ile kubwa ya rafu ya juu. Alikuwa ameshaipandisha begani, kifua mbele.

“Iweke chini, kaka. Nionyeshe ulichopiga na hii ya zamani.”

Kwenye skrini ya ile ya zamani, dada akatazama bibi harusi akiingia ukumbini, giza tupu.

“Hii bado nzima. Unachokosa ni taa.”

Akamuuzia taa ya bei sawa na betri moja tu ya ile kubwa. Jamaa akatoka anapiga mluzi, na kamisheni ya mwezi mzima ikatoka naye.

Nikainua kichwa nimtanie dada. Nikamkuta ameibeba ile kubwa, jicho moja kalifumba, anaifuatilia feni ya darini polepole kana kwamba ni nyota wa filamu.

“Dada, hiyo bei gani?”

Aliiweka chini kwanza, ndipo akanijibu.