Mlango wa Besi

Juzi nilikuwa mjini, Biashara Street, nikitafuta sare ya shule ya binti yangu. Nikapita mbele ya duka dogo linalouza mipira, raketi na vikombe vya ushindi. Dirishani, kati ya vitu hivyo, palikuwa na pakiti ya minyoo ya plastiki ya kuvulia samaki, ya rangi ya zambarau, yenye mikia iliyojikunja. Miguu yangu ilisimama kabla sijaiamuru. Niliingia, nikaomba kuishika ile pakiti. Muuzaji, kijana mpole, akaniuliza kama mume wangu ni mvuvi.

"Hapana. Ni mimi."

"Aki? Na unavulianga wapi, madam?"

Nikamrudishia pakiti yake, nikatoka.

Wewe nitakuambia, kwa kuwa wewe una nafasi ya kusikiliza. Sisi tulikaa Riruta, katika ploti ya vyumba vilivyotazamana, na katikati kulikuwa na kamba za nguo na bomba moja la maji. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na ploti nzima ilimwita Mwalimu, hata mwenye nyumba. Alipoajiriwa mara ya kwanza alipelekwa kufundisha karibu na ziwa Naivasha, na huko ndiko alikojifunza kuvua besi. Majirani zetu walijua samaki wa aina mbili tu, tilapia na omena. Baba alipotaja besi, walidhani anazungumzia gitaa.

Kila Jumamosi tulitoka kabla ya jua, mimi na yeye, kwenda bwawa lililokuwa nyuma ya mtaa wa Jamhuri, pale mitaa inapokutana na msitu. Mama alitufungia nduma za kuchemsha kwenye kitambaa, na chai ndani ya thermos ambayo kifuniko chake kilikuwa kimepotea, kwa hiyo aliiziba kwa gunzi la mahindi. Hadi leo nikinusa chai ya maziwa iliyokaa kidogo, nasikia pia harufu ya tope na majani ya mikaratusi. Vyura walinyamaza tulipofika, kisha mmoja akajaribu, halafu wote wakaendelea kana kwamba hatupo. Ukungu ulikaa juu ya maji kama mvuke wa sufuria.

Baba hakuwa mtu wa maneno mengi nyumbani, labda kwa sababu shuleni aliyamaliza. Lakini kando ya bwawa alifundisha. Alisema besi si samaki wa kuzurura. "Besi haendi sokoni," aliniambia. "Anakaa mlangoni pake, chakula kipite." Mlango, kwa lugha yake, ulikuwa ule upenyo kati ya magugu, au kivuli cha mti uliozama. Usitupe ndoano katikati ya bwawa ukangoja, utangoja hadi ndevu ziote. Tafuta mlango. Tupa mbele zaidi ya mlango, ukivute chambo polepole kipite pale, kisha usimamishe. Pale kinaposimama ndipo besi anapokosa subira.

Chambo chenyewe tulikitengeneza. Kazi yangu ya Ijumaa ilikuwa kwenda kwa fundi wa baiskeli kuomba vipande vya tyubu kuukuu, na Baba alivikata kwa wembe vikawa minyoo mirefu myembamba. Alipitisha ndoano kwenye kichwa cha mnyoo, akaigeuza, kisha akaificha ncha yake ndani ya ule mpira, ili isinase magugu. "Magugu hayaulizi wewe ni nani," alisema. Kila alipofunga ndoano kwenye uzi aliulowesha mate kabla ya kukaza fundo, kwa sababu uzi mkavu hujichoma wenyewe ukikazwa. Halafu aliupitisha uzi kati ya midomo yake, taratibu, akitafuta mikwaruzo. Mdomo, alisema, unaona kuliko macho. Nami nilipitisha wangu, nikajifanya nimeona kitu.

Na besi akigusa, usivute! Hilo ndilo lilikuwa gumu kwangu. Unasikia kitu kama mtu anayebisha kwa kidole kimoja. Unashusha ncha ya fimbo ya kuvulia kumwelekea, unakusanya uzi uliolegea, na hapo tu ndipo unapovuta, kwa nguvu, mara moja. Mimi nilivuta mapema kila mara. Nilitoa mpira mtupu majini, na Baba akacheka bila sauti, mabega tu yakitikisika. Samaki wakubwa walikuwa wake. Aliwashika kwa mdomo wa chini, kidole gumba ndani, nao wakatulia ghafla kama watoto walioguswa na daktari.

Kisha ukaja ule mwaka ambao shule za msingi zilikuwa zimefanywa bure, na madarasa yakafurika hadi watoto wakaketi madirishani. Baba alikuwa ubaoni, chaki mkononi, akiandika hesabu ya sehemu. Wanafunzi wake waliniambia chaki ilianza kuandika kwenda chini, chini, ikatoka kwenye ubao ikaandika ukutani. Walicheka, wakidhani ni mzaha wa Mwalimu. Halafu akaanguka.

Kiharusi. Neno hilo nililisikia kwa mara ya kwanza kwenye benchi la hospitali, nikiwa na mfuko wa machungwa ambayo hakuna aliyeyala. Baba alirudi nyumbani na mkono wa kulia uliolala mapajani kama kitu cha mtu mwingine, mguu wa kuburuta, na maneno yaliyochanganyika. Yalikuwa yote humo, Mama alisema, ila kabati lilianguka. Alitaka maji, akasema "sabuni". Alitaka kumsalimu jirani, akasema "kesho". Alipojisikia amekosea alifumba macho na kukunja uso, akijaribu tena, na neno likaja lilelile. Sisi tulikisia. Wakati mwingine tulikisia mambo kumi naye akatikisa kichwa mara zote, mwishowe akageukia ukuta.

Mama alikuwa karani katika ofisi moja ya mjini, na alitoka asubuhi akarudi jioni. Alasiri zilikuwa zangu na Baba. Nilileta kisanduku chake cha ndoano, nikakiweka kitandani. Alishika uzi kwa meno, akapindisha kwa mkono wa kushoto, na fundo likafunguka. Akarudia. Siku moja lilishika. Alinyoosha ule uzi kwangu niuvute, nikauvuta, nalo halikufunguka. Nilimwona akitabasamu kwa upande mmoja wa uso, upande uliobaki wake.

Ndipo nikaanza kumsumbua Mama aniruhusu kumpeleka Baba bwawani. Kila siku. Hatimaye akasema, "Sawa. Mtoe nje apate hewa. Lakini asikaribie maji. Umenisikia? Akae nyuma, kwenye majani."

Tulifika tumechelewa, jua likiwa limepanda, kwa sababu kutoka stendi hadi bwawani, njia tuliyoizoea kupita tukipiga mluzi, ilituchukua muda mrefu sana. Bwawa lilikuwa limepungua, ni kiangazi. Nilimketisha kwenye nyasi, nikamwekea fimbo yake ya kutembelea kando, nikashuka ukingoni na ile fimbo ya kuvulia. Alininyooshea kidole cha kushoto mahali pa kutupa. Palikuwa na mti uliozama, matawi yake meusi yakichungulia nje. Nikatupa mbele yake. Nikavuta polepole. Nikasimamisha.

Kitu kikabisha.

Mara hii nilingoja. Sijui nilipata wapi subira. Nikashusha ncha, nikakusanya uzi, nikavuta kwa mwili wangu wote, na fimbo ikapinda hadi ikanitisha. Maji yalipasuka. Niliona kinywa, cheupe ndani, kipana kama bakuli, kisha kikazama na uzi ukaanza kunitoka huku rili, lile gurudumu la uzi, ikilia.

"Baba! Ni mkubwa!"

"Mlango!" akapiga kelele. "Mlango! Mlango!"

"Mlango gani, Baba? Nifanye nini?"

"Mlango!"

Nilidhani ni lile kabati lililoanguka, kwamba anataka kusema vuta, au legeza, au rudi nyuma. Nilisimama tu nimeinua fimbo juu, jinsi watoto wanavyofanya, na samaki akawa anakwenda. Nilipogeuka, Baba alikuwa amesimama. Bila ile fimbo ya kutembelea. Alikuwa anashuka kunijia, mkono wa kushoto ukisukuma hewa upande, upande, kunionyesha kitu. Mguu wake ukateleza. Akaanguka kifudifudi kwenye tope la ukingoni, na uso wake ukaingia majini.

Niliachia fimbo. Niliisikia ikikwaruza mawe, ikienda. Niligeuza kichwa cha Baba, nikamfuta macho na pua, nikamshika chini ya kwapa nikavuta. Hakusogea. Nilikuwa mtoto wa darasa la saba, mwembamba kama ufagio, na yeye alikuwa mtu mzima ambaye nusu ya mwili wake ilikuwa haimsaidii. Nilivuta tena, tukazama zaidi. Niliita. Msitu ukanirudishia sauti yangu. Basi nikaketi humo topeni, nikaweka kichwa chake mapajani ili apumue, tukabaki hivyo. Machozi yake yalipita kwenye tope yakaacha njia mbili safi. Sikuwahi kumwona Baba akilia. Sikujua mtu humfanyia nini baba yake akilia, nikawa namrudishia tu kofia yake kichwani, nayo inaanguka, namrudishia.

Aliyetuokoa ni mama mmoja aliyekuwa akikata majani ya ng'ombe ng'ambo ya bwawa. Alitua mzigo wake, akaja mbio.

"Woi! Pole mzee, pole. Mtoto yangu, wacha kulia. Shika yeye hapa kwa mshipi, mimi nashika hapa. Haya, pamoja!"

Tukamtoa. Alitusindikiza hadi barabarani, akimwegemeza Baba begani mwake, akiongea njia nzima kuhusu ng'ombe wake, kana kwamba kubeba walimu ni kazi yake ya kila siku.

Mama alipotuona alichemsha maji, akamwosha Baba miguu, akaniosha na mimi, ingawa nilikuwa nimeshapita umri wa kuoshwa. Fimbo ya pili ya kuvulia, ambayo Baba aliiweka nyuma ya mlango, aliiondoa, sikuiona tena.

Usiku wa kesho yake, Baba alichukua mwiko mezani. Aliuinua juu, akatikisa kichwa. Kisha akaulaza ubavuni, chini, akavuta kwa upande, kisha akauweka mezani, na kwa mkono uleule akafanya ishara ya kufunga. "Mlango," akasema, taratibu. Nikaelewa. Samaki alikuwa anakimbilia mlangoni pake, kwenye ule mti, na ukilaza fimbo ubavuni ukavuta kwa upande unamgeuza, unamfungia. Neno lilikuwa sahihi. Katika miezi ile yote, hilo ndilo neno lililotoka mahali pake, na mimi sikulitambua.

Hatukurudi. Nilikwenda sekondari ya bweni, na likizo moja nikasikia kwa jirani kwamba bwawa linakaushwa. Nilikimbia kuona. Mtaro ulikuwa umechimbwa, malori yakimwaga udongo upande wa pili, na katikati palibaki dimbwi la rangi ya kahawa. Besi walikuwa wamelala kwa ubavu, vinywa vikifunguka na kujifunga. Watu walikuwa wameingia na mabeseni na mifuko ya sukari, wanacheka, wanawachota. Nilimuuliza mtu mmoja mwenye kofia ngumu maji yanapelekwa wapi. Aliniambia nitoke kwenye njia ya malori.

Nikarudi, nikamwambia Baba. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Samaki?" akauliza.

"Watu wamewachukua, Baba. Kwa mabeseni."

"Wamekula?"

"Watakula leo."

Akaitikia kwa kichwa, polepole. Nilitaka akasirike. Nilitaka mtu mmoja katika nchi hii akasirike.

Siku hizi pale pana maghorofa yenye roshani na maegesho, na ukiwauliza wanaokaa humo watakuambia vyumba vya chini vina unyevu, hawajui kwa nini. Mikaratusi haipo. Bado najua uzi wa kutumia penye magugu, najua saa besi anapokula na anaposusa, na mambo hayo yamekaa ndani yangu kama lugha ambayo nimebaki kuizungumza peke yangu. Nimejaribu kumfundisha binti yangu sebuleni. Ananisikiliza kwa heshima.

Lakini ninachokikumbuka zaidi ni Jumamosi ya kwanza baada ya bwawa kufukiwa. Baba aliamka gizani. Tulimsikia akihangaika, na tulipowasha taa tulimkuta ameketi kitandani na shati lake la zamani la bwawani, amevaa viatu, amefunga kamba zake kwa mkono mmoja, za mguu mzima na za mguu wa kuburuta. Alitutazama akingoja. Sijui kama alikuwa amesahau, au alikumbuka na bado akavaa. Mama alimletea chai. Aliketi kando yake, nami nikaketi upande wa pili, na hakuna kati yetu aliyethubutu kumvua vile viatu. Alivivua mwenyewe, jua lilipokuwa limefika juu ya mabati ya jirani.