Jiwe Chini ya Upondo

Mnisamehe kwanza kwa mwandiko. Niliishia darasa la saba, na mkono wangu ni mzito. Herufi nyingine naziruka, nyingine naziandika mara mbili. Lakini nikisema kwa mdomo nakwama kabisa, kwa hiyo afadhali hivi.

Kwetu ni Kaoze, bondeni, kando ya ziwa. Wazazi walishuka kutoka juu, Ufipa, wakaja na kilimo chao cha matuta: unalundika nyasi, unazifukia zioze ndani ya udongo, kisha unapanda juu yake. Baba alipofariki tulimzika pembeni mwa shamba. Shamba lile lilikuwa udongo mweusi mtupu, halina jiwe hata moja. Mimi na kaka tulibeba mawe kutoka chini ya mlima, tukayapanga juu ya kaburi ili fisi wasifukue.

Baadaye ziwa likapanda. Lilichukua mahindi, likachukua njia, mwisho likafunika kaburi. Tangu hapo mama hakula tena samaki wa upande ule. "Sijui wamekula nini," alisema, mara moja tu.

Mashindano yalitangazwa nje ya kanisa baada ya misa. Mnunuzi mmoja wa samaki kutoka mjini alikuwa ametoa mtumbwi mpya wa mbao. Watu wawili kwa kila chombo, ndoana tu, nyavu marufuku. Atakayeleta samaki mzito kuliko wote Jumamosi, mtumbwi ni wake.

Kaka aliniambia tukiwa njiani kurudi. "Shamba hatuna. Tukipata mtumbwi, tutakaa hapa na mama. Tukikosa, mimi naondoka."

Tuliazima mtumbwi wa jirani, Msukuma mfuga ng'ombe ambaye maji yenyewe anayaogopa. "Nyie Wafipa," alituambia, "huo mtumbwi si jembe. Msije mkalimia ziwa!" Kaka akamjibu, "Na wewe njoo uliswage ziwa lirudi kwake, si una fimbo?" Wakacheka wote wawili. Mimi nilikuwa nashika upondo, ule mti mrefu wa kusukumia mtumbwi.

Tulijiandaa wiki nzima. Tulinoa ndoana kwenye jiwe la kunolea visu, tukafunga nati za baiskeli kwenye uzi ili uzame. Maji yalikuwa na rangi ya uji wa ulezi. Ukizamisha mkono, vidole huvioni. Samaki naye haoni chambo, kwa hiyo tulitaka kambale, anayefuata harufu. Tulikata sabuni ya mche vipande vidogo, tukavichanganya na utumbo wa kuku, tukaacha juani mpaka mama akatufukuza uani.

Jumatatu visiki vilikula ndoana mbili. Jumanne upepo ulitutupa kwenye matete, na mamba akaingia majini karibu nasi, taratibu, kama mtu anayetoka nyumbani kwake. Jumatano tulipata perege mmoja wa ukubwa wa kiganja. Wenzetu mwaloni, pale mitumbwi inapoegeshwa, waliuliza kama tumeleta samaki au chambo.

Alhamisi kaka alisema twende juu ya shamba. Alisema kambale wanapenda matuta yetu, maana nyasi bado zinaoza humo na wadudu wamejaa.

"Mama je?" niliuliza.

"Shamba ni kubwa, dogo. Tutakaa upande wa mbali na baba."

Tulipima kwa macho: kisiki cha mkwaju huku, paa la ghala lililozama kule. Tuliamini tunalijua shamba hata bila kuliona. Nilisukuma upondo, ukaingia kwenye udongo laini. Nikasukuma tena, laini. Mara ya tatu ukagonga, *ko*.

Kaka hakugeuka. "Kisiki," alisema.

Nilijua si kisiki. Naye alijua, maana alikuwa amekwisha kuvua kofia. Lakini uzi wake ulikuwa tayari majini, na hapohapo ukavutwa. Tulipambana na samaki huyo mpaka mtumbwi ukainama. Alikuwa kambale mwenye kichwa kipana kama sahani ya kulia ugali. Kaka alicheka na kulia pamoja. "Wapo wengine hapa," alisema. "Jumamosi tunarudi hapahapa."

Nyumbani mama alimtazama samaki. "Mmemtoa wapi?"

"Kwenye matete, mama."

Akanigeukia mimi. Nikatazama chini. Aliuendea upondo niliouegemeza ukutani, akakwangua ncha yake kwa ukucha. Tope la ziwa ni jekundu. Ule ulikuwa udongo mweusi, aliolima miaka kumi na moja. Akaunusa. Alichukua jembe, akachimba nyuma ya nyumba, akamlaza kambale yule humo, akamfukia, akapiga ishara ya msalaba. Usiku ule tulikula ugali kwa chumvi.

Jumamosi mwaloni watu walikuwa wengi. Kaka alikuwa ameshakaa ndani ya mtumbwi. Nilisimama, maji yakinifika magotini.

"Ingia."

"Siingii."

"Ingia, bwana!" wakapiga kelele wengine. "Anasubiri mahari huyo!" Wakacheka. Kaka alitafuta mwingine wa kuingia naye, lakini kila aliyefaa alikuwa na mwenzake. Filimbi ikapigwa. Akabaki amekaa peke yake ndani ya mtumbwi uliofungwa, mpaka wengine walipotoweka nyuma ya matete.

Samaki aliyeshinda nilimwona akipimwa. Alikuwa mdogo kuliko yule aliyefukiwa na mama.

Kaka aliondoka Jumatatu. Tumesikia anabeba mizigo Namanyere, stendi. Hajanisemesha mpaka leo. Mimi niko Izia kwa shangazi, maana shamba hatuna; napalilia mashamba ya watu, na mama amebaki peke yake, kilekile alichotaka kaka kukizuia. Nikienda kumwona, mama anasema nilifanya vizuri. Lakini akisema hivyo huwa anatazama upande wa maji.

Nawaomba mtakaosoma mniandikie, hasa wa bondeni ambao ziwa limefunika makaburi yenu. Je, nyinyi mnavua huko? Mnakula? Nijibuni hata kwa mistari miwili. Mwandiko wowote nitausoma.