Mnyamwezi Aliyeomba Sori Kurui

Kiingereza sikukisoma. Shule niliiacha nikiwa bado naandika kwa penseli, na leo matofali yangu yamejenga nyumba nyingi unazoziona ukitoka Zegereni, hapa Kibaha, kwa hiyo asije mtu hapa kunionea huruma. Lakini neno moja la Kiingereza nalijua kuliko wenye digrii, maana nalisikia kila siku ya kazi: sori.

Kijana anaangusha tofali bichi: sori mzee. Anakukanyaga: sori. Anapiga chafya: sori. Umefiwa, anakupigia simu: sori sana mzee. Nikawa najiuliza, hawa Waingereza walikuwa na haraka ya kwenda wapi? Sisi mtu akijikwaa tunampa pole, hata kama jiwe si letu. Ukimkosea mtu unamwomba radhi, tena unakaa chini na kumtazama usoni. Ukitaka kupita mbele ya wakubwa, kuna neno lake. Wao kazi zote hizo wamempa mtumishi mmoja, ndiyo maana kachoka, hawezi kuinua hata unyoya. Pale kwangu nilimpiga marufuku. Umevunja tofali? Sema umevunja, kisha fyatua jingine.

Sasa binti yangu, kati ya wanaume wote wa nchi hii, akaenda kuchagua bingwa wa sori.

Kijana mzuri, sikatai. Mnyamwezi, mzaliwa wa Tabora, amekulia shule za bweni za Kiingereza. Siku nilipowapokea stesheni ya Soga na pikapu yangu, aliniamkia vizuri, halafu akaniomba sori kwa sababu treni imewahi. Nikamtazama binti yangu. Binti yangu akatazama reli.

Safari yetu ilikuwa ya Kurui, kwa dada yangu. Mama wa binti alifariki mtoto akiwa mdogo, na dada ndiye aliyemlea. Binti alikuwa ameshaniambia bila kuficha: "Baba, wewe ukikataa nitasubiri ulainike. Shangazi akikataa, basi, siolewi." Hivyo wa kuridhishwa alikuwa mmoja tu, naye meno hana mengi, lakini ulimi anao wote.

Tulimkuta uani, kakaa kwenye kigoda chake cha mninga, anamenya mihogo. Kigoda kile hakikaliwi na mtu mwingine. Mimi mwenyewe, na nywele hizi nyeupe, sithubutu.

"Shikamoo shangazi," kijana akainama.

"Marahaba. Wa wapi wewe?"

"Tabora, shangazi. Mnyamwezi."

Dada akaweka kisu chini. Uso ukamng'aa. Kwa asiyejua, sisi Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Tunatukanana, tunanyang'anyana, na siku ya msiba tunazikana.

"Ehee! Mpagazi kaja! Babu zako walikuwa wanafika pwani na pembe za ndovu mabegani, wewe unaniletea mikono mitupu na viatu vilivyochongoka kama mdomo wa kunguru?"

Lilikuwa tusi safi, la heshima. Siku hizi mjini hulipati. Kijana akashika kifua. "Sori shangazi. Zawadi zipo kwenye gari. Sori sana."

Dada akamsubiri kidogo. Akamjaribu tena. "Wanyamwezi mmelamba asali mpaka akili zimeganda."

"Ni kweli shangazi. Sori."

Dada akaokota kisu chake, akaendelea kumenya. Akasema na mimi, kana kwamba kijana ni nguzo ya banda. "Mdogo wangu, huyu hana kwao. Mnyamwezi gani anamwomba Mzaramo msamaha? Mtani ukimwomba msamaha umemfanya mtu baki. Na mimi mtoto wangu simpi mtu anayenifanya mtu baki. Kunyweni maji, mrudi Kibaha."

Binti akaingia jikoni. Nikasikia anagongagonga sufuria, na mle hakuna kilichokuwa kinapikwa.

Nikamvuta kijana mpaka kwenye mikorosho nyuma ya nyumba. Akaanza, "Sori mzee, nime..."

"Nyamaza. Una bibi?"

"Alifariki, mzee."

"Kwenye msiba wake watani walikuja?"

Akafikiri. "Walikuja. Kulikuwa na mama mmoja wa Kizaramo, mnene, aliingia kaburini akalala. Akasema bibi hazikwi mpaka yeye apewe kuku."

"Ukamwambia nini?"

Akaanza kucheka, na macho yanalowa. "Nikamwambia akae humohumo, tutawafukia wote wawili tupunguze kazi."

"Hukumwambia sori?"

"Nilikuwa mtoto, mzee. Sori nilifundishwa baadaye, bwenini."

Jibu hilo sikulitegemea. Nilikuwa nimeandaa hotuba, nikaimeza.

Akarudi uani peke yake, mimi nyuma. Dada alikuwa ameinuka kwenda kumwaga maganda. Kijana akakichukua kigoda, akakitia kichwani, akaelekea kwenye gari kwa mwendo wa msafara.

"We! Kigoda changu!"

"Mpagazi haondoki bila mzigo."

"Kirudishe, mwizi wewe!"

"Kifuate Tabora, uje kwa miguu. Ila sijui utafika lini, maana Mzaramo akisikia ngoma njiani safari imeisha."

Mimi nilishika ukuta. Dada alisimama na ungo wa maganda, kinywa wazi. Kisha akamrushia yote. Yakamwenea mgongoni, kwenye shati jeupe la kuposea. Kijana hakugeuka, wala hakusema lile neno lake. Dada akacheka mpaka akakaa mchangani. Binti akatoka jikoni mbio, mwiko mkononi, akidhani kuna aliyeanguka.

"Mwanangu," dada akamwambia, anafuta machozi kwa upindo wa kanga, "kigoda changu wakilete wazee wake wenyewe. Huyu mwizi simpokelei."

Binti alielewa kabla yangu. Akamkumbatia shangazi yake palepale chini, na maganda yake.

Wazee wa Tabora walikawia, mara mvua, mara mavuno. Nikamwonea huruma dada, nikampelekea kiti kipya cha plastiki kwa bodaboda. Akakirudisha kwa bodaboda yuleyule. Akanipigia simu kunigombeza: yeye kiti anacho, kipo kwa wakwe.