Buti Zilizomkaa Ramadhani Sawasawa

Siku yangu ya kwanza dukani, pale Jinja, Uganda, sikugusa kiatu. Meneja, Mhindi mwenye miwani, alinikalisha sakafuni mchana kutwa nitazame miguu ya wanaoingia. "Juma," aliniambia jioni, "mtu akikutajia namba yake, usimwamini. Pima." Ninyi mnaochagua viatu kwa picha za simu mtacheka. Sisi tulipima miguu yote miwili, maana miguu ya mtu mmoja hailingani, na tulimpima akiwa amesimama, maana mguu hutanuka ukibeba mwili. Kiatu kikishavaliwa, unabonyeza ncha kwa kidole gumba. Nafasi ikibaki ndogo tu, funga kamba, kazi imekwisha. Mteja akitembea hatua tatu na kutabasamu, nilisikia raha hata mimi.

Meneja aliondoka Wahindi walipoamriwa kutoka nchini. Duka likapewa afisa wa jeshi, tukamwita Afande. Viatu viliadimika. Mzigo ukija, watu walipanga foleni tangu alfajiri, na kila mmoja alipewa jozi iliyomfikia, namba yoyote. Nilipotoa ubao wangu wa kupimia, Afande alinifokea.

"Wewe Juma, napima nini? Kama kiatu iko, iko! Wao watapatana huko nje."

Na kweli walipatana. Barabarani mbele ya duka palizuka soko la pili: mwalimu kapata sita anatafuta tisa, muuguzi kapata tisa anatafuta tano, wanaitana kwa namba na kubadilishana huku wakicheka. Wengine walirudi nyumbani na viatu vya kufinya, wakavikata visigino, wakavivaa hivyo hivyo. Nilikuwa mpimaji, nikageuzwa mgawaji, na niliona aibu.

Mdogo wangu Ramadhani, aliyefanya kazi kiwanda cha nguo na kuishi mtaa wa Walukuba, hakuwahi kupata wa kubadilishana naye. Miguu yake ilikuwa mirefu na mipana kupita kiasi, kwa hiyo alikwenda kazini na ndala za tairi. Kila mzigo ulipokuja alikuja, na kila mara alirudi mikono mitupu. Siku moja Afande akaleta gunia la buti mpya za jeshi, tuziuze kimyakimya. Nikamwita Ramadhani, nikampima kama alivyonifundisha Meneja. Zilimkaa sawasawa. Alizunguka duka mara nne.

"Kaka, leo na mimi ni mtu," alisema.

Sijawahi kuuza kiatu kwa furaha kama ile, Mungu anisamehe.

Vita vilipofika, Afande alitoroka usiku. Sisi Wanubi tukaogopa, maana wengi walituhesabu watu wa serikali iliyoanguka. Zaituni, mke wa Ramadhani, alikuwa ametangulia kwa ndugu zake Nabuyonga, kule Mbale. Tukamfuata kwa miguu. Nilimwambia Ramadhani avue zile buti.

"Njia yote hii, Kaka, niende peku?"

Nikamwacha nazo. Majuto ni mjukuu.

Siku ya pili tulikuta kizuizi cha vijana wenye bunduki, wakisaka askari waliotoroka. Mkubwa wao alitazama chini.

"Hii buti ya jeshi. Ulipata wapi?"

"Nilinunua dukani, afande."

"Duka gani nauza buti ya jeshi? Toa. Haya, vaa tena."

Ramadhani akavaa. Yule mtu akainama, akabonyeza ncha kwa kidole gumba.

"Kama ni ya kuokota, ingebana ama ingepwaya," akawaambia wenzake. "Hii iko mguu yake kabisa. Huyu askari."

Ramadhani akanigeukia. "Kaka, waambie. Si wewe uliniuzia?"

Nikijibu ndiyo, nimejitaja mtu wa Afande. "Simjui," nilisema. "Tumekutana njiani." Kaka huitwa yeyote, wakaniamini. Walimwingiza kichakani, nikasikia risasi, nikaendelea kutembea.

Mbale niliajiriwa na Mama mwenye duka la viatu. Nchi ilianza kupata nafuu, mitumba ikajaa, kisha viatu vipya vya plastiki. Watu walichagua tena, wakalalamika bei, wakajaribu jozi kumi wasinunue hata moja. Wenzangu walikasirika, mimi sikuweza. "Mzee Juma, unapima mguu kama daktari!" Mama alinitania. Nilipima hivyo hadi magoti yalipokataa, nikastaafu. Watu husema nilikuwa bingwa. Kazi niliijua, ndiyo, lakini sioni cha kujivunia.

Zaituni nilimwambia tulipotezana njiani. Bado kila Idi mimi humtafutia viatu, nikampelekea na kumpima mwenyewe. Idi iliyopita nilikuwa nimeinama miguuni pake aliponiuliza.

"Shemeji, kabla hamjapotezana, Ramadhani alisema nini?"

"Alisema nikusalimu," nilijibu.

Alilia, akanishukuru, akaniita ndugu wa kweli. Nami sikuinua uso. Nilimwomba alete mguu wa pili.